Tilapia wa Nzilo Aliyelala kwa Ajili ya Mama

Safari hii niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama yangu anauza samaki katika soko la Kolwezi tangu sijazaliwa, na sasa mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili. Munganga, yaani daktari wa macho wa Lubumbashi, alisema kupasua ni kazi ndogo, lakini Mama akakataa katakata, kwa woga tu. Siku moja nilikuwa najigamba kwa jirani kwamba mimi Odette, mpiga picha wa harusi na komunyo, hakuna kitu kinachonishinda. Mama akanikatiza.

"Acha kujisifu. Samaki mi nabaonaka tu benye kufa. Uniletee foto ya samaki muzima mu nyumba yake, njo nitaenda kwa munganga."

"Sawa, Mama," nikajibu haraka, kabla hajabadili nia. Kufikiri hakukuwemo kabisa.

Asubuhi na mapema niliondoka Kolwezi kwa pikipiki, nimekumbatia kamera ndogo ya kuazima na kisanduku chake kisichoingiza maji. Malori ya madini yalitupita moja baada ya jingine, kila moja likitumwagia vumbi jekundu. Nilifika nimejipaka poda ambayo bibi harusi yeyote angeikimbia.

Mchana nilikuwa Nzilo, pale mto Lualaba ulipozibwa ukawa ziwa. Mwenyeji wangu Marcel ni mzamiaji. Alikuwa anatengeneza vyuma vya bwawa chini ya maji. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Mama Odette, unajua kuogelea?"

"Kidogo."

Uongo mtupu. Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni. Marcel aliligundua hilo upesi, maskini, akanifundisha siku kadhaa kando ya ziwa jinsi ya kuvuta pumzi kwa mdomo kutoka mtungi wa hewa bila kupiga kelele. Nilipouliza kwa nini lazima tuzame giza likiingia, alisema, "Muchana samaki banakimbia. Usiku banalala, hata weye utabafikia." Hilo "hata weye" lilinichoma.

Jioni ya kuzama, jua lilipotua, tukaanza vita na nguo ya mpira. Marcel alivuta upande mmoja, na Tata Kazadi, mzee mwenye mtumbwi, akavuta mwingine.

"Mama, vuta tumbo!" alisema Tata Kazadi.

"Nimeshavuta, Tata! Hili ndilo lililobaki!"

Marcel alinifunga kamba kiunoni, na ncha yake akampa Tata Kazadi. "Ukivuta mara moja, ni kusema uko muzuri. Ukivuta mingi mingi, tunakutosha mu maji." Mimi nikaitika. Tata Kazadi naye aliitika, ila alikuwa ameinamia injini ya mtumbwi, anapambana nayo.

Tukashuka. Yesu wangu! Giza, tope, na mwanga wa tochi usiofika mbali. Kisha kwenye kisiki cha mti uliofunikwa na ziwa nikaona jicho linang'aa: tilapia, mzima, ametulia kabisa. Woga ukaniisha. Nikataka Tata Kazadi kule juu ajue niko salama, nikavuta kamba mara moja.

Ghafla nikapaa, miguu juu, kamera ikipiga picha yenyewe. Tata Kazadi akanichungulia kwa mshangao.

"Aka! Mama, mufuko iko wapi?"

Kumbe amekaa miaka mingi juu ya mashimo ya wachimbaji kule kwenye mgodi wa Mashamba, kazi yake ikiwa kushika kamba. Huko ukivuta mara moja maana yake mfuko umejaa, pandisha. Na mimi binti wa Kolwezi, niliyekua nikiwaona wanaume wakifanya hivyo, sikukumbuka! Marcel alitokeza akiwa amekasirika kweli. Tukashuka tena, tilapia bado yupo, nikasahau, nikavuta. Nikapaa tena.

"Mukono yangu njo ilizoea, Mama. Unisamehe," alisema Tata Kazadi.

Hewa ilikuwa inakaribia kwisha. Marcel akasema hii ni mara ya mwisho, kisha akashika kichwa, akacheka. "Basi, tufuate sheria ya shimo. Usivute mpaka mufuko ijae."

Nikashuka nikimwaza Mama na macho yake. Tilapia alikuwa amelala pembeni ya kisiki, mkia kwangu. Kwa mazoea ya harusi nikampungia mkono ageuke kidogo. Nikasema hata "tabasamu", yakatoka mapovu matupu. Yale mapovu yakamgusa, akageuka. Nikapiga. Nikavuta kamba mara moja, nikapandishwa polepole, nikilia kwa furaha ndani ya kioo cha kuzamia.

Niliporudi Kolwezi nilisafisha picha hiyo kwa ukubwa wa picha ya harusi, nikamwekea Mama mikononi. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaigeuza juu chini.

"Hii ni wingu?"

"Ni tilapia, Mama. Analala."

"Sioni kitu."

 Nimeingia chini ya ziwa, nimevutwa kama gunia la malakiti, yale mawe ya shaba, kumpelekea picha mtu asiyeona! Mpumbavu kama mimi atapatikana wapi? Nikajua Lubumbashi imekwisha.

Mama akapapasa karatasi. "Analala na macho wazi?"

"Ndiyo, Mama."

"Shee! Mi nilisemaka macho yabo inakuwaka wazi juu balikufa." Akaniwekea picha mapajani. "Twende kwa munganga. Huyu, nataka kumuona."

Nikamkumbatia. Akanisukuma kidogo.

"Na ile mafoto yako yote ya harusi, yenye nilikuwa nakuambia ni muzuri sana? Sikuonaka hata moja."

Nimejifunza kwamba mpiga picha hujui kazi yako kama ni nzuri mpaka mama yako apone macho. Tumeondoka leo na basi la Lubumbashi. Yeye ameniagiza nibebe albamu zote, na mwenye woga sasa ni mimi.