Macho ya Upande wa Mama

Jina la Fundi Kola alipewa na kwaya. Aliwashonea wanakwaya thelathini majoho yenye kola za kijani, wakayavaa siku ya kuimba mbele ya wageni, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba kola kumi na moja zilikuwa za kahawia. Mwenyewe aliapa zote ni kijani. Akailaumu taa ya chumba chake cha kushonea, akamlaumu muuza vitambaa, mwisho akawalaumu waimbaji kwa kutoka jasho.

Aliyecheka kuliko wote ni dada yake. Huyu alimzidi miaka miwili, na tangu utotoni alijipa kazi ya kumsahihisha. "Mdogo wangu huyu uzembe umemwingia mpaka mifupani," aliwaambia wateja, naye amekalia kiti chao. "Sijui kautoa wapi. Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo."

Fundi hakubishana, alitafuta ujanja. Vikopo vyote vya nyuzi akaviandika herufi. Mteja akileta kitambaa, alimwuliza kama anayepiga soga tu, "Hii rangi wewe unaiitaje?" Na kwa kuwa macho hayakumfaa sana, vidole vilibeba kazi ya watu wawili. Alikitambua kitambaa kwa kukipapasa, na mshono wake ulinyooka mpaka mafundi wenzake wakaja kuutazama. Watu walisema kipaji hicho kazaliwa nacho.

"Hicho ni cha baba," dada alikubali. Baba yao hakuwahi kushikiza hata kifungo.

Miaka ikapita. Kijana wa dada akasomea umeme, akapata kazi, akapelekwa kupimwa macho. Alirudi na karatasi, uso umemshuka. Mama yake akamkokota moja kwa moja hadi kwa fundi.

"Mjomba," kijana akasema, "wanasema nyekundu na kijani nazichanganya. Nyaya hawaniruhusu kuzigusa."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. "Na kahawia je?"

"Hiyo ndiyo kabisa! Muuguzi anasema nimezaliwa hivi. Mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Mama anaweza kuona vizuri tu, kumbe ameibeba. Akaniuliza kama nina mjomba."

Fundi akamgeukia dada yake taratibu, kama paka aliyeshiba. "Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo, eti?"

"Mimi rangi zote naziona!" dada akang'aka.

"Nyani haoni kundule, dada yangu. Mama alitubebea sisi, wewe ukambebea mwanao."

Alingoja ajibiwe, maana dada hajawahi kukosa jibu. Safari hii dada aliikodolea ile karatasi. "Basi nimemharibia mtoto," akasema.

Utani ukamwishia fundi. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye. "Nani alikupa uchague? Mimi nimekula kwa macho haya haya, nikasomesha nayo."

Maneno hayo yalimwingia kijana kuliko mama. Kesho yake alifika kujifunza kushona, akiamini kwamba macho yakiwa ya mjomba, mikono nayo ni ya mjomba. Wiki ya kwanza aliziba mfuko wa suruali. Wiki ya pili aliushonea mkono wa shati kwenye kola.

"Mpwa wangu," fundi akamwambia huku akifumua, "macho tulipewa bure. Vidole hivi nimevitengeneza miaka ishirini na sita."

Kijana akaelewa, akaenda kujifunza ufundi bomba. Mabomba yalikuwa ya kijivu yote, hayana ugomvi na macho ya mtu, na mwaka haukuisha kabla hajaanza kuitwa nyumba hadi nyumba.

Dada bado anakalia kiti cha wateja. Siku hizi anawaambia kwa majivuno kwamba macho ya mdogo wake ni ya ukoo, hayapatikani kila nyumba. Mteja akiuliza yana faida gani, humgeuzia koti ndani nje, akamwonyesha mshono.