Aliyesimama Mbele ya Trekta

"Mwalimu, Mjapani wetu ametutoka," rafiki yangu wa Endasak aliniambia kwa simu wiki iliyopita, nami nikajikuta natabasamu huku machozi yakinilengalenga. Marehemu hakuwa Mjapani hata kidogo. Alikuwa bwana shamba, mzaliwa wa Lushoto, aliyepangiwa kazi kwenye vijiji vya mteremko wa Hanang enzi za mashamba makubwa ya ngano ya serikali, wakati mimi nikifundisha shule ya msingi iliyopakana na ofisi yake. Jina hilo alilipata aliporudi kutoka mafunzoni Japani. Watu walijaa kumpokea wakidhani sanduku lake limebeba redio. Alipolifungua, wakaona mundu, vijembe vya kupalilia na viatu vya mpira vilivyotenga kidole gumba upande wake. Kijiji kizima kilicheka, naye akacheka kuliko wote.

Wakati ule tulikuwa na ndoto moja tu. Kila msimu tuliziona mashine za kuvuna zikipita kwenda mashamba ya serikali ya Basotu, na hata mwenye kishamba cha nyuma ya nyumba aliamini kuwa maendeleo ni trekta. Jirani yangu, mama mjane, aliuza ndama wake akakodi moja. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali, kwa hiyo dereva akajiandaa kulima kutoka juu kwenda chini. Ndipo bwana shamba alipotokea mbio, akasimama mbele ya trekta.

"Shikamoo mama," alisema akihema.

"Marahaba. Toka hapo, mwanangu. Mvua iko mlangoni."

"Likilima hivi, mama, mvua hiyohiyo itaondoka na udongo wako."

"Basi lilime kwa kukata mteremko!"

"Litapinduka, mama," dereva alidakia, akazima injini.

Mama akashika kiuno. "Sasa nani atanilimia?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

Bwana shamba akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwangu mimi niliyekuja kutazama trekta. "Mimi na mwalimu."

Mikono yangu ilizoea chaki. Kufikia adhuhuri ilikuwa na malengelenge, na majirani waliokuja kunicheka wakanionea huruma, wakaleta majembe, kisha mmoja akaleta maksai. Tukachimba makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kukata mteremko, tukapanda majani kwenye kingo, tukamwaga samadi. Mama alitupikia makande, akayatazama matuta yetu na kusema, "Haya ya Kijapani, mbona marehemu baba yangu alikuwa akiyafanya kule Mbulu?"

"Mama," bwana shamba akajibu, "ndiyo hayo niliyopelekwa kwa ndege kufundishwa!"

Trekta lile lilikwenda kulima kwa jirani wa juu, kutoka juu kwenda chini. Mvua kubwa ilipokuja, wote tulilala na wasiwasi, maana kama tungemharibia mama msimu wake, tusingekuwa na uso wa kumtazama. Asubuhi matuta yalikuwa yamesimama. Jirani wa juu akaja ofisini, kofia mkononi: "Bwana shamba, udongo wangu uko barabarani. Njoo na kwangu." Tulikwenda sote, na mama mjane alitangulia na jembe lake.

Jioni bwana shamba alinisimulia aliyoyaona kule Japani: wakulima wenye mashamba madogo kuliko uwanja wetu wa mpira, vimashine vya kusukuma kwa mkono vinavyolingana na shamba, na majirani wanaochambua mazao yao na kuyauza pamoja, kila mmoja akiogopa kuwaaibisha wenzake kwa gunia baya. Hakuzificha kasoro zao. Vijana wao wamekimbilia mijini, alisema, wazee ndio wanaoinama shambani, tena serikali yao ina uwezo mkubwa wa kumbeba mkulima kuliko yetu. Wala hakuyabeza matrekta. Basotu kwenye tambarare yalikuwa mahali pake. Alichokataa ni kuvaa kiatu cha mwingine kwa sababu tu kinang'aa.

Nchi ya wakulima kama yetu haina budi kutembea na kujifunza, na Japani ina mengi ya kutufundisha: kuutunza udongo, kuchagua chombo kinacholingana na shamba, kuuza kwa umoja. Hata hivyo, wengi wamesafiri wakarudi na hotuba. Huyu alirudi akavua koti, akalima na watu mpaka ujuzi ukawa wao. Ndiyo maana, naambiwa, waliomchimbia kaburi waligombania majembe.