Shikamoo Ukutani

Meneja aliapa mbele ya kamati ya ushirika wetu kwamba hajui nywila yangu. Mtu alikuwa ameingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa jina langu na kufuta oda ya kabichi za wakulima wa Mlali. Lori halikwenda, kabichi zikaoza kando ya barabara, na mkataba wangu wa kazi ukasubiri kikao kijacho uamuliwe.

Nywila alikuwa anaijua. Wiki yangu ya kwanza pale ofisini mjini aliniita, akaniuliza, "Mwanangu, ukiumwa kazi isimame?" Chuoni nilifundishwa kutompa mtu yeyote nywila yangu. Lakini ni mzee wa rika la baba yangu, kila asubuhi namwamkia kwa kuinamisha kichwa. Nikamwambia. Tangu hapo, kila alipoisahau ya kwake, aliingia kwa yangu.

Hadi siku ya kikao sikulala vizuri. Nilipanga kumjibu, nikapanga kunyamaza, nikapanga kuacha kazi. Zaidi ya yote nilitaka aaibike mbele ya watu walewale.

Siku hiyo kompyuta iliunganishwa na projekta ili wajumbe waone mfumo ukutani, na meneja akaombwa aufungue. Meneja huandika kwa vidole viwili, macho kwenye vitufe. Kompyuta yake mwenyewe hulikumbuka jina, hata langu, kwa hiyo yeye huandika nywila tu. Ile ya kikao haikukumbuka kitu. Niliona kimbele kwamba nywila yangu, aliyoizoea kuliko yake, itaangukia kwenye nafasi ya jina, ambako herufi hazifichwi. Ningeweza kumnong'oneza. Lakini tumelelewa kutomsahihisha mkubwa mbele za watu, na sijawahi kuwa na adabu kama siku ile.

Akaandika. Ukutani, kwa herufi kubwa, likatokea: *shikamoobibi*.

"Marahaba," alijibu bibi mmoja mkulima, mjumbe kutoka Mlali. Watu wakacheka. "Nani ananiamkia huko ukutani?"

Meneja akainua kichwa.

"Mzee, hiyo ndiyo nywila yako?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni... vidole tu vimeteleza."

"Vimeteleza vikaandika shikamoo?" bibi akasema. "Vina adabu hivyo vidole."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. Nilisimama, mikono nyuma. "Ni yangu, mwenyekiti. Namwamkia bibi yangu mzaa mama kila nikifungua kazi."

Kicheko kilikatika. Bibi wa Mlali alimgeukia meneja. "Kumbe unaijua," alisema. "Na kabichi zetu je?"

Meneja aliniinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Futa, mwanangu."

"Naogopa kufuta, mzee. Nisije nikasingiziwa tena."

Mwenyekiti alimwomba atoke nje ili wajumbe wazungumze. Alitoka bila kuaga. Mtu mwenye akili angeibadilisha nywila palepale, maana chumba kizima kilikuwa kimeshaisoma. Mimi niliiacha iwake ukutani hadi chai ilipoletwa, nikaketi kwenye kiti chake kuitazama.