Muuguzi anabeba lawama ya kifo cha dada yangu, na ukweli uko kwenye kompyuta yangu

Admin, nifichie jina, na kampuni ninayofanyia kazi usiitaje. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mmoja, mkaaji wa Mabanga, hapa Goma. Sijaoa. Mahari nilipeleka miezi miwili iliyopita kule Majengo, na harusi tumeisimamisha kwa sababu ya haya nitakayowaeleza.

Kazi yangu ni ya kompyuta. Kituo cha afya cha kijijini kikiwa na mgonjwa mahututi, muuguzi anaandika ujumbe kwenye telefoni ya kituo kuomba ambilansi. Ujumbe unaingia kwenye seva zilizo nchi nyingine, unapanga foleni, kisha kuna programu inautoa na kuufikisha hospitali. Mimi nazichunga hizo seva nikiwa nyumbani. Niliandika skripti, mistari michache tu, ambayo kila dakika tano inahesabu ujumbe ulio kwenye foleni. Ukizidi ishirini, maana yake kuna kitu kimekwama, na telefoni yangu inalia. Pia inalia seva zisipopatikana. Miaka mitatu nimeifanya kazi hiyo, na nyumbani walijivunia, ingawa hakuna aliyeielewa.

Siku ya mahari ile telefoni ililia mara nne wazee wakizungumza. Halikuwa tatizo la kweli, mtandao tu ulikuwa unakatika na kurudi. Dada yangu mkubwa, Yaya, alikuwa amekuja kutoka Rutshuru na mimba yake ya miezi minane, amekaa ubavuni kwangu. Akaniinamia sikioni: "Zima iyo kitu, mudogo yangu. Bakwe banakuangalia." Tukacheka. Nikaingia kwenye seva kwa telefoni, nikaweka alama moja mbele ya ule mstari unaonitumia taarifa, ili kompyuta iuruke. Nilijiambia nitaiondoa jioni. Jioni tulikuwa tunakula pilau, Yaya anawaelekeza wakwe namna ya kunitania. Nikasahau.

Siku ya kumi baada ya mahari, Yaya akiwa amesharudi kwake Rutshuru, saa nne asubuhi ile programu ya kutoa ujumbe ilikufa. Skripti yangu ilihesabu vizuri kabisa: ishirini na tatu, thelathini, arobaini na moja. Yote iliyaandika kwenye faili lake, pamoja na maneno ya kila ujumbe. Mimi haikuniambia. Nilikuwa sokoni na mchumba wangu tunachagua mapazia.

Saa nane mchana shemeji, mume wa Yaya, alinipigia. Yeye ni dereva, alikuwa njiani kuja Goma uchungu ulipomshika Yaya kabla ya siku zake. Majirani walimpeleka kituoni kwa pikipiki. Alijifungua msichana, mzima, ila damu ikakataa kusimama. Walingoja ambilansi karibu saa tatu nzima. Mwishowe mtu mmoja akatoa gari lake, na Yaya akafia barabarani kabla hawajafika hospitali. Shemeji alirudia tu, "Ameenda, shemeji. Ameenda na mi sikuwa pale."

Tulimzika kesho yake. Siku ya tatu nikafungua lile faili. Ujumbe wa kituo chao ulikuwamo, wa saa nne na dakika ishirini: "Mama amejifungua, damu nyingi, tunaomba gari haraka." Chini yake, jibu la seva: "Imepokelewa." Seva hujibu hivyo ujumbe ukishaingia kwenye foleni, hata kama hospitali haijauona. Simu za kawaida siku hiyo hazikushika kule kwao. Yule muuguzi aliona imepokelewa, akaamini gari linakuja. Nani asingeamini?

Mkubwa wangu wa kazi aliuliza kilichotokea. Nikaandika: mtandao ulikatika. Alikubali. Ile alama nikaiondoa.

Juma lililofuata muuguzi mwenyewe alikuja kwetu kutoa pole. Ni mama mtu mzima. Alipiga magoti mbele ya mama yangu: "Mama, nilituma. Mashini ilinijibu imepokelewa. Njo maana nilingoja." Mama akamwambia, "Toka kwangu. Ulimuachilia mutoto yangu afe, sasa unasingizia mashini." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Alipotoka alinipita karibu kabisa, kanga yake ikanigusa mkono. Nikaingia kumpa mama chai.

Tangu hapo silali, na chakula hakipiti. Mchumba anadhani nimemchoka. Mama, anayemlea sasa mtoto wa Yaya, kila asubuhi ananiwekea mapajani, anasema ana pua ya Yaya, na ni kweli anayo. Ninambeba huku najiambia, mimi ndiye niliyekunyima mama.

Sasa yule muuguzi amesimamishwa kazi. Kuna kikao Alhamisi cha kuamua kama atafukuzwa, na familia tumeitwa. Jana shemeji alinishika bega, akaniambia, "Weye njo unajua mambo ya mashini. Utakuja ubaambie kama ule mama anadanganya." Nikamjibu, "Ndiyo, shemeji." Hivyo tu. Ndiyo.

Nikisema ukweli, kazi itaenda, na shemeji sijui atanifanya nini. Lakini siyo hilo linaloniua. Mama yangu amebaki na mimi peke yangu. Akisikia kwamba ni mimi, atakuwa amezika wawili. Nikinyamaza, mama wa watu atatoka pale na jina la muuaji, na yeye ndiye pekee aliyemhangaikia Yaya siku ile.

Alhamisi ni keshokutwa. Faili ninalo, sijalifuta. Ninyi mnaonisoma, nitukaneni kama mnataka, nastahili, lakini mnisaidie hili moja: kabla ya kikao nimkalishe mama nimwambie, au asikie palepale pamoja na wengine? Na mutu anaanzaje maneno kama hayo kwa mama yake?