Mtoto wa Serikali Aenda Kumpokea Mtoto wa Ukoo

Niliondoka kwetu Misima, Handeni, kwa sababu nilitumwa, wala si kwa kupenda. Mdogo wangu Salehe alikuwa anarudi kutoka India alikosoma chuo kikuu cha kulipia. Baba aliamua mimi ndiye nimpokee stesheni ya Korogwe, nimpitishe Vugiri kwa mjomba wetu, kisha nimfikishe nyumbani Jumamosi, siku ya karamu. "Wewe Athumani ndiye umezoea mambo ya treni," alisema. Kweli nilikuwa nimeyazoea. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilishuka stesheni hiyohiyo na shahada ya chuo kikuu cha serikali cha Dar es Salaam, nikabeba sanduku langu mwenyewe mpaka kwenye lori. Nyumbani nilikuta mlenda wa kila siku. Sikuchinjiwa hata jogoo.

Niwaeleze wasiotujua. Mimi nilichaguliwa, na tangu sekondari serikali ilinigharimia kila kitu: godoro, chakula, vitabu, hata sabuni. Salehe hakuchaguliwa. Alipokosa nafasi, ukoo ulikaa kikao. Wa Misima wakauza mbuzi na mahindi, mjomba wa Vugiri akauza iliki, kijana akapanda meli. Tangu siku ile kila mtu alikuwa na kipande chake ndani ya Salehe. Mimi waliniita mtoto wa serikali. Walilisema kwa utani, lakini liliniuma, na baba ndiye aliyelisema kuliko wote. Wiki iliyofuata nilitakiwa kwenda Songea nilikopangiwa kufundisha, na hapakuwa na mtu aliyeniuliza Songea iko upande gani. Nilikuwa na wivu, na sioni sababu ya kuuficha.

Alhamisi alfajiri nilipanda juu ya magunia ya mahindi kwenye lori la Korogwe. Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, alinikabidhi kapu lenye kuku wa kukaanga.

"Mpe Salehe wangu, asije akafika huku ana njaa."

"Na mimi je, shangazi?"

"Wewe si unalishwa na serikali? Usimguse!"

Watu wa kwenye lori wakacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane mtu wa vinyongo.

Sindeni tulisimama kushusha abiria. Mwuza machungwa mmoja aliniangalia viatu, akauliza kama ni kweli yule msomi wa Misima anarudi leo. Nikamjibu ni kweli.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mpokeaji," nikasema. Alinipa chungwa moja nimpelekee msomi. Nililila kabla lori halijaondoka.

Kutoka hapo vumbi lilikuwa letu mpaka tulipoingia kwenye mashamba ya mkonge, tukavuka daraja la mto Pangani, tukafika Korogwe mchana. Treni ilichelewa. Nilikaa kwenye benchi la stesheni na kapu langu, nikapanga maneno makavu ya kumpokelea mtu. Salehe aliposhuka, amekonda, koti limempwaya, masanduku mawili yamefungwa kamba, yale maneno sikuyaona tena. Nilimkumbatia. Furaha ilinilipuka kabla wivu haujaizuia.

Jioni ile tulikula kuku wa shangazi kwenye chumba cha kupanga, nikamwuliza chuo chake kilikuwaje. Alisema alisomea mambo ya maji: kuchimba visima, kupima mito. Walikuwa wachache darasani na walimu walimjua kwa jina. Lakini karo ikichelewa, jina hilohilo lilisomwa mbele ya wenzake, akatolewa nje mpaka fedha ifike. Alipanga chumba kwa mjane mmoja na kujipikia dengu.

"Na wewe kule kwenu?"

Nilimwambia sisi tulijaa ukumbini, tukasikiliza mwalimu kwa mbali. Hakuna aliyetolewa darasani kwa ajili ya karo, ila kila hotuba ilitukumbusha kwamba tunadaiwa na taifa zima.

"Taifa zima halina sura," alisema Salehe. "Mimi nilikuwa nikifungua kitabu namwona shangazi."

Mimi sikuwahi kufungua kitabu nikamwona mtu wa kwetu.

Ijumaa tulidandia gari la kubeba chai, likatupandisha milimani mpaka barabara ilipoharibika, tukamalizia kwa miguu. Vugiri kulikuwa na ukungu na baridi, na mtu wa Handeni kama mimi alitetemeka bila aibu. Mjomba Shemdoe, kaka yake mama, alikuwa ametoka nje kutungoja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, marahaba wanangu!" Akamshika Salehe mkono, na hakuuachia tena siku nzima. Alimtembeza kwenye shamba lake la iliki, bonde baada ya bonde. "Hapa palikulipia mwaka wa kwanza. Hapa, mwaka wa pili. Huku chini palikauka, ndiyo maana ile karo ilichelewa, unisamehe." Alimwonyesha kwa majirani wote. Mimi nilifuata nyuma nikiwa nimeshika koti la Salehe. Nilitamani hata mche mmoja uwe wangu, mche ambao mtu angeuelekezea kidole na kusema: huu ulikuwa wa Athumani.

Wakati wa kula, mjomba alitoa hukumu. Salehe atakaa Vugiri, atawatengenezea maji ya bomba, na mchumba ameshamtafutia, binti wa jirani asiye na kasoro. Salehe akajibu, "Ndiyo mjomba." Akajibu hivyo kwa kila jambo.

Jumamosi asubuhi tukiteremka mlima, mjomba akiwa ametangulia mbele kwa ajili ya karamu, Salehe alisimama njiani. Alisema kuna kazi ya maji Dodoma, ameahidiwa, na anaitaka sana.

"Nitawaambiaje, kaka? Mjomba ananitaka huku, shangazi ananitaka Misima. Wewe umeambiwa Songea, unakwenda, hakuna wa kukulaumu. Nakuonea wivu."

Nilitaka kucheka, nikashikwa na hasira. "Hakuna wa kunilaumu, na hakuna wa kunililia pia," nikamwambia. "Tubadilishane basi!" Nikatangulia kuteremka.

Alasiri tuliingia Misima. Ngoma zilikuwa zimeanza, pilau linanukia mpaka barabarani, na Salehe akabebwa juu juu na wanawake. Baada ya kula, wazee walimtaka aseme. Alisimama, akashukuru, kisha kwa sauti ndogo akataja Dodoma.

Hapo karamu ilivunjika. Mjomba alisema iliki yake haikwenda India ili inywe maji Dodoma. Shangazi Mwanaidi alisimama na upawa mkononi. "Mbuzi wangu! Sisi hapa tunachota bwawani pamoja na ng'ombe, halafu maji uyapeleke kwa Wagogo?" Kila aliyechanga alidai chake. Mwishowe walimgawana kama nyama: akaombe kazi Korogwe mjini, ambako ni katikati ya Vugiri na Misima. Hivyo hakuna aliyempata na hakuna aliyemkosa. Salehe akasema ndiyo.

Mjomba, bado ana hasira, alininyooshea kidole. "Mtazameni huyu. Serikali imesema Songea, anakwenda. Hana maneno."

"Huyo naye!" Shangazi alinigeukia na upawa wake. "Serikali ina shamba wapi? Kila msimu nikipeleka pamba ghalani wananikata fedha. Nikiuliza, naambiwa ni ya shule na barabara. Barabara siioni. Basi hiyo shule ndiyo huyu! Huyu naye ni wangu, na Songea haendi!"

Watu wakacheka, wengine wakaitikia kwamba ni kweli, nao pia walikatwa. Miaka yote nilitamani kudaiwa, na sasa nilikuwa nadaiwa na uwanja mzima. Nikamtazama baba aone.

Baba hakucheka. Alisimama, akasema, "Mwacheni. Nyinyi nyote mmemsomesha. Mimi ndiye sikumsomesha."

Shangazi akashusha upawa.

"Alikuja likizo na blanketi la serikali, viatu vya serikali, nauli ya serikali mfukoni. Ningempa nini? Mama yake akimfungia mahindi, anasema shuleni wanakula vizuri. Salehe aliniomba, nikauza. Huyu hakuniomba hata senti. Mwaka jana alipokuja na karatasi yake, nilijiuliza nitachinja kwa jasho lipi. Nikaona haya." Akanigeukia. "Nilikuwa naionea serikali wivu, mwanangu."

Nilikuwa nimejivunia tangu utoto kwamba simsumbui baba.

Siku ya kuondoka kwangu alinisindikiza mpaka kituoni Handeni, akiwa amebeba sanduku langu kichwani, na nilimwachia alibebe. Mfukoni nilikuwa na waranti ya serikali, hati ya kunifikisha Songea bila kulipa nauli. Basi lilipokuja, baba alifungua fundo la kitambaa na kunipa shilingi chache.

"Sijui zinafika wapi," alisema.

Safari ile ilinifundisha kwamba chuo cha kulipia humfunga mtu kwa waliomlipia, na cha serikali humfungua mpaka akajiona hana mtu, ingawa waliomlipia ni walewale. Hilo nililiwaza baadaye, barabarani. Pale kituoni nilisema tu, "Baba, sina nauli kabisa. Niongeze."

Akaniongeza.