Mikate Haipiti Kwenye Nondo

Tan Yuexiu alizaliwa pale ilipo sasa bustani ya matajiri, pembezoni mwa mji wa Wuhu, China. Kijiji chetu kilipobomolewa, wenyeji tulipewa maghorofa ya nyuma. Ya mbele yakauzwa kwa wenye pesa zao. Yeye anauza mikate ya mvuke yenye nyama, mimi mayai, na meza zetu zimepakana.

Mwaka jana wakazi wa mbele wakaizungushia bustani uzio wa nondo, eti tunawaharibia nyasi. Mume wa Tan, Mzee Luo, anatembelea kiti cha magurudumu, na zahanati anakonyooshwa miguu iko ng'ambo ya bustani. Ikabaki kuzunguka kwa barabara ya malori. Siku moja lori likamkosakosa. Akarudi na tope mpaka kwenye nyusi, akasema haendi tena.

Kesho yake wateja wa ng'ambo ya uzio wakapenyeza mikono kwenye nondo kama kawaida.

"Shangazi Tan, sita ya nyama! Haraka, nachelewa kazini!"

"Zunguka."

"Nizunguke? Nusu saa nzima?"

"Mume wangu alizunguka na magurudumu. Wewe una miguu, tena na viatu vya maana. Mikate yangu haipiti kwenye nondo."

Nikamnong'oneza, "Dada, nusu ya mauzo yetu iko kule."

"Basi wauzie. Washibe mayai yako, halafu watusahau sote."

Nikapima maneno yake. Mmoja akiuza, wote tumekwisha. Nikafunika mayai, muuza mboga naye akageuza meza yake.

Wiki ya tatu mwenyekiti wao, Bwana Fei, akaja kwa kuzunguka, shati limemganda mgongoni.

"Shangazi, tumekufikiria. Kadi hii inafungua mlango mdogo. Wewe na mzee tu. Wengine wasijue."

Miguu ya Mzee Luo ilikuwa imeshaanza kukakamaa. Mimi ningeichukua kadi ile.

"Unanikaribisha kwenye njia ya pale nilipozaliwa?" Tan akamuuliza, kwa sauti ya kusikika soko zima. "Mlango uwe wazi kwa wote, asubuhi hadi jioni. Hutaki, endelea kuzunguka. Naona na kitambi kimeanza kupungua."

Soko likaangua kicheko. Fei akaondoka amenuna.

Siku nne baadaye fundi akaja kung'oa kufuli la mlango mdogo. Tan akamsukuma mzee na kiti chake katikati ya njia ya bustani, si pembeni. Wenye mbwa wakapisha. Aliporudi mezani, wateja walikuwa wamejipanga.

"Shangazi, mbona bei imepanda?"

"Na hasara ya wiki tatu ailipe nani? Mimi?"

Wakalipa.