Redio Iliyongoja Mheshimiwa

Kiptanui ameendesha ambulensi yetu kati ya Kuresoi na Molo miaka kumi na tisa, na sijawahi kumsikia akigombana na mtu. Wa kugombana ni mimi, Nyakio, nesi wake. Basi wacheni nigombane.

Mwezi wa tatu tulifungiwa redio mpya ya mawasiliano garini. Mafundi wakatuonyesha: inasikika hata king'ora kikilia, inawaonyesha walio kituoni gari liko wapi, na ina kitufe chekundu. Ukikibonyeza, wengine wote wananyamaza usikike wewe. Kiptanui alifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe wa maziwa. Kule kwetu simu hushika netiweki ikipenda.

Mafundi hawajafika hata getini, Naftaly, mkuu wa kituo, akaifunika kwa nailoni na kuizungushia utepe. "Hakuna kugusa mpaka mheshimiwa aje azindue." Mheshimiwa akaahirisha. Akaahirisha tena. Jamani! Sisi tunabeba wagonjwa, redio inabeba utepe!

Mwezi wa tano, mvua ikinyesha, tukamchukua Chepkurui, mama aliyejifungua asubuhi hiyo katika zahanati moja ya Kuresoi na damu ikakataa kukatika. Katikati ya safari tukakuta lori la viazi limelala barabarani, matope huku na huku. Simu yangu haina netiweki. Ya Kiptanui pia haina. Mkono wa Chepkurui ulikuwa unapoa ndani ya mkono wangu.

"Fungua hiyo redio!" nikapiga kelele.

"Sista, nitafutwa kazi."

"Na huyu je?"

Akageuka, akamwangalia. Kisha akararua utepe na nailoni kwa meno, akabonyeza kile kitufe. Redio ya kituoni hakuna aliyekumbuka kuifunga utepe, na Muhidin, mpokea simu wetu, alikuwa karibu nayo. Sauti yake ikaja safi: "Nawaona mlipo. Sema."

Kiptanui akasema. Haikupita nusu saa, gari lingine kutoka Molo likasimama upande wa pili wa lori. Tukambeba Chepkurui kwa machela, matope magotini. Hospitalini tulikuta damu imeshatayarishwa. Leo mama huyo ananyonyesha.

Mnadhani tulishukuriwa? Thubutu! Jumatatu Kiptanui akapewa barua: aeleze kwa maandishi kwa nini aliharibu maandalizi ya uzinduzi, kabla hajachukuliwa hatua. Nikamwambia aniachie mimi kalamu, nijaze kurasa tatu, nimvue Naftaly nguo mbele ya kituo kizima.

Akakataa. Akaketi kwenye benchi la nje, akaandika mstari mmoja, akatia sahihi, akaupeleka mwenyewe mezani kwa Naftaly:

"Mkuu, mgonjwa alikuwa bado hai."